Rundo la Vigae Mlangoni

Kulikuwa na mama mmoja mfinyanzi, ndugu zangu, fundi hasa. Chungu chake ukikigonga kwa ukucha kinalia. Mwaka ule alimzika mumewe. Matanga hayajapoa, akachoma vyungu vya msimu mzima, na mvua ambayo hakuna aliyeitazamia ikaangukia ule moto. Mnajua chungu cha moto kikikutana na maji. Hakikusalimika hata kimoja.

Yule mama hakulia. Aliokota vigae vyote akavirundika mlangoni pake, na kila aliyekuja kumpa pole alionyeshwa kwa kidole. "Tazama Mungu alivyonitenda." Watu wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Wakaja wengine, naye akasema yale yale.

Lakini watoto hawashibi pole. Ilimbidi arudi kwenye udongo. Sasa, wafinyanzi wa kwao wana desturi: vigae vya vyungu vilivyovunjika hutwangwa, vikachekechwa, na unga wake ukachanganywa na udongo mpya ili chungu kihimili moto. Yule mama alilijua hilo tangu utotoni. Ila lile rundo hakutaka liguswe. Akafinyanga udongo mtupu, akachoma, vikapasuka. Akafinyanga tena, vikapasuka tena. Na vilipopasuka alifanya nini? Aliongeza vigae kwenye rundo. Rundo likanenepa, watoto wakakonda.

Siku moja mama mkwe wake akaja na mchi begani. Akaketi, akavuta kinu, akachukua kigae cha kwanza.

"Mama, usiguse!"

"Kwa nini?"

"Huo ndio ushahidi wangu. Siku Mungu akiniuliza mbona siku hizi sisali, nitamwonyesha."

"Na wajukuu zangu tuwapikie ndani ya ushahidi?"

"Mama, wewe hujui uchungu nilio nao."

Bibi akaweka mchi chini. "Mwanangu, wewe ulimzika mume. Mimi nilimzika niliyemzaa."

Yule mama aliona aibu. Kumbe miezi yote ile hakuwahi kumpa pole huyu mzee! Akauchukua mchi. Msidhani alitwanga akiimba. Alitwanga akilia, huku akimlaumu Mungu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, wala mama mkwe hakumkataza. "Sema naye," alimwambia, "lakini usiache kutwanga."

Siku ya kuchoma, mbingu ilikuwa na mawingu. Kuni za mara nyingine hakuwa nazo. Akatazama juu, akasema, "Ee Mungu, nimebakiwa na wewe tu," akawasha.

Baadaye jirani akapita, akaona mlangoni peupe. "He! Lile rundo lako umelitupa wapi?"

Yule mama akainua chungu kipya, akakigonga kwa ukucha. Kikalia.

"Sikulitupa," akasema. "Limo humu."

Ndugu zangu, sisemi kwamba Mungu aliipasua ile kazi ili amfunze mtu. Kwa nini mvua ilinyesha siku ile, sijui, na anayejidai anajua msimwamini upesi. Ninachojua ni kwamba vigae ni vile vile. Ukivirundika, vinakuziba mlango. Ukivitwanga, vinashika udongo. Nani kati yetu hana rundo? Ndoa iliyovunjika, shamba lililokauka, mtoto tuliyemwombea akafa. Wageni wakija tunawaonyesha, na ule wimbo wa "Tazama Mungu alivyonitenda" tunaujua kwa moyo. Imani haituambii hakikuvunjika kitu. Kimevunjika, na tunaruhusiwa kulia, hata kumlalamikia Mungu mwenyewe, ilimradi tunalalamika mchi ukiwa mkononi.

Basi leo tukitoka hapa, kila mmoja wetu akifika kwake, asikimbilie kuingia ndani. Atazame kwanza pale mlangoni. Kisha akaombe kinu kwa jirani, huenda naye aliwahi kutwanga.