Samaki Hawana Kope

Wapendwa, nani hapa amekua kwa taa ya chemli? Nyoosheni mikono, msione haya. Ahaa, wengi. Mama yule pale mbele amenyoosha yote miwili.

Basi mnakikumbuka kile kigurudumu kidogo cha pembeni, cha kupandishia na kushushia utambi. Watu wanakula, utambi juu. Watoto wakishalala, mama anazungusha kidogo, mwanga unanywea taratibu, ukuta unakuwa rangi ya chai, na wewe uliyekuwa unajifanya umelala unalala kweli. Mimi taa ile naikumbuka jamani. Nikisikia harufu ya mafuta ya taa mahali, nasimama kwanza. Hizi za siku hizi ni nzuri, sizisemi vibaya. Ila zinajua mambo mawili tu, kuwaka na kuzimika.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja mstaafu, watoto wake wote wameshaondoka nyumbani. Nyumba iliyokuwa na kelele za kugombania rimoti ikawa kimya, mpaka mzee anasikia friji likinguruma jikoni. Akasema, nitafuga samaki. Akaenda kwa fundi wa vioo, akatengenezewa tangi zuri, akaliweka sebuleni, akatia mawe na majani na samaki wa rangi ya dhahabu. Taa hakununua. Mnawajua wazee wetu, hawatupi kitu. Alikuwa na vipande vya taa za LED, zile za utepe, vilivyobaki alipopamba dari la jipsamu. Akavibandika chini ya mfuniko wa tangi, akaviunga na adapta, akachomeka ukutani.

"Mama watoto, njoo uone bahari!"

Akawasha. Paa! Samaki wakaruka huku na huku, mmoja akagonga kioo, wengine wakajisonga nyuma ya jiwe. Ikawa hivyo kila jioni. Baadaye wakaacha hata kula, wako nyuma ya jiwe tu.

Niulize: mzee alifanya nini? Aliwagombeza samaki? Alisimama mbele ya kioo akasema, "Nyinyi samaki gani msio na adabu, nimewajengea nyumba mnanikimbia?" Hapana. Aliuliza waliofuga kabla yake, akaambiwa jambo ambalo sisi wapenda kitoweo tungeshaliona zamani: samaki hana kope. Mtazame hata yule wa kwenye kikaango, jicho wazi. Wewe ukiwashiwa taa ghafla unafumba macho, unavuta shuka. Yeye hana pa kufumbia. Mwanga unampiga wote kwa mara moja, kwa hiyo anajificha.

Mzee akawahurumia sana. Ndipo akaikumbuka chemli. Akakumbuka na binti yake, kitindamimba, alivyokuwa anaogopa giza. Kila usiku alikaa kitandani kwa mtoto, anashusha utambi kidogo, anamtazama, anashusha tena kidogo, mpaka pumzi ya mtoto ibadilike. Akamwambia mkewe, "Nataka taa ya samaki ishuke vile vile." Mkewe akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya khanga, maana yule binti hawakuwa wamemwona kwa miaka.

Basi mzee akaanza ufundi. Kwanza akang'oa swichi ya feni, ile ya kuzungusha, akaiunga kwenye waya unaotoka ukutani. Akasema, si inapunguza feni? Itapunguza na taa. Loo! Taa zikaanza kupepesa kama ukumbi wa harusi, adapta ikalia zzz, samaki wakawa na hali mbaya kuliko mwanzo. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, hiyo sasa ni disko." Mzee akachomoa. Akaenda duka la vifaa vya umeme, akapata kidude chenyewe cha kupunguzia mwanga wa taa zile, kidogo hivi, kina kitufe cha kuzungusha. Akaelezwa kwamba hiki hakikai upande wa ukutani. Kinakaa baada ya adapta, kabla ya taa. Akarudi, mkewe akamshikia tochi, akaunga waya mwekundu kwa chanya na mweusi kwa hasi, akakaza skrubu, akageuza kitufe chini kabisa ndipo akawasha.

Kukawa na mwanga kama wa alfajiri. Akazungusha kidogo, akangoja. Akazungusha tena. Samaki mmoja akachungulia. Baadaye wakatoka wote.

Tangu hapo ikawa ibada yake. Jua likizama anavuta kiti, mkono kwenye kitufe, anapandisha polepole, na wakati wa kulala anashusha polepole. Hata mgeni akiwa anaongea naye, anamwambia, "Ngoja kwanza, nawalaza watoto."

Sikilizeni sasa.

Alasiri moja bajaji ikasimama nje. Akashuka yule binti, kitindamimba. Alikuwa ameolewa na mtu ambaye mzee alimkataa kwa maneno makali, akaenda hivyo hivyo. Sasa amerudi na begi moja, amekonda, kope zimevimba. Akapiga goti mlangoni.

"Shikamoo, baba."

Wapendwa, shikamoo ya mtoto inadai neno moja tu. Mzee hakulisema. Akasema, na majirani wako dirishani:

"Mumeo yuko wapi? Nilikuambia, sikukuambia? Ulinijibu nini siku ile? Hebu rudia mbele ya mama yako!"

Mgeni wa mbali, hata humjui, unampa maji, unampa kiti, anakula, ndipo unamuuliza habari za safari. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Binti huyu hakupewa hata kiti. Jioni ile ile mzee akapiga simu kwa mashangazi na wajomba, waje Jumamosi kwenye kikao, binti asimame aeleze yote. Binti akaingia chumba chake cha zamani, akafunga kwa ndani. Chakula kikapelekwa, kikarudi. Mama akasikia zipu ya begi. Akajua kwamba Jumamosi haitamkuta mtoto yule humo ndani, na safari hii akiondoka hatarudi tena.

Jioni ya pili mzee amekaa kwenye kiti chake mbele ya tangi, anazungusha kitufe polepole, huku analalamika.

"Mtoto gani huyu? Amekuja kwao, anajificha!"

Mkewe alikuwa ameshika sahani iliyorudi haijaguswa. Akasema, "Baba watoto, samaki walipojificha ulisema kosa ni la taa. Mwanao amejificha, unasema kosa ni la mtoto."

Mzee akaondoa mkono kwenye kitufe. Kisha akachukua simu, akaanza na shangazi mkubwa, yule mkali. "Dada, kikao hakuna." Akaulizwa kwa nini. "Hakuna, dada." Akamimina chai mwenyewe, yeye ambaye hata kijiko hakujua kilipo, akaenda mpaka mlango wa binti.

"Mwanangu, jana ulinisalimia sikuitikia. Marahaba. Marahaba, mwanangu. Chai iko hapa mlangoni, na sina swali."

Mnataka kujua kama alifungua. Alifungua, lakini si siku ile. Siku ile kikombe tu kiliingia ndani. Mambo ya mumewe aliyasimulia mwenyewe, baada ya muda, siku wanachambua mchele na mama yake, na hakuna aliyemwuliza.

Wapendwa, sisi ndio yule mzee. Tunajua kumpunguzia mwanga kila kiumbe isipokuwa wa kwetu. Mtu akianguka, akapotea, siku anaporudi tunamwashia kila taa tuliyonayo, kisha tunashangaa kwamba hakai. "Lakini mchungaji, mimi nilisema ukweli." Ni kweli, ulisema ukweli. Hata mzee maswali yake yalikuwa ya kweli. Mungu naye anaujua ukweli wako wote, tangu ujana wako mpaka jana jioni. Angekuwashia wote leo kwa mara moja, ungebaki kwenye benchi hilo? Mimi nisingebaki kwenye mimbari hii.

Tena nasema hivi kwa sababu. Wapo walioingia humu asubuhi ya leo baada ya muda mrefu sana. Wengine walitoka kwa maneno yetu. Wamekaa kule nyuma, karibu na mlango, na viatu vyao vinaelekea nje.

Msigeuke. Nimesema msigeuke! Tazameni hapa mbele, tusimame, tuombe. Tukitoka, wapeni mkono, muwaulize kama wamekunywa chai.