Jina Moja Chini ya Boneti

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni mwaka jana tu kabla mahindi hayajakomaa, msinicheke, palikuwa na mzee mmoja mwenye gereji hapa Uyole. Mnamjua. Mmemzika juzi, na mikeka mliyoikalia ni yake. Alikuwa baba yangu, Mzee Ambakisye. Nawasimulia kama hadithi kwa sababu nikisimulia kama msiba nitalia tena, na kulia nimechoka. Atakayesinzia ataosha masufuria.

Mzee alikuwa na desturi yake. Gari likishapona alifungua boneti, akachukua brashi na rangi nyeupe, akaandika kwa ndani jina la fundi aliyelitengeneza. Majina mangapi? Moja. Hata wakishika spana watu sita, jina moja. Si kwamba alizaliwa hivyo. Zamani aliandika hata matatu. Siku moja akaandika mawili kwenye lori la mbao, breki zikagoma mteremkoni, dereva akafa. Mke wa dereva akaja gereji na mtoto mgongoni, akauliza, "Nani alifunga breki?" Huyu akamtazama yule, yule akamtazama huyu. Mama wa watu akaondoka bila jibu. Tangu hapo Mzee akasema: penye majina mawili hapana mtu. Jina moja. Sifa zako, lawama zako.

Hilo lishikeni, maana nitawauliza.

Basi Mzee alikuwa na gari lake jeupe la turbo, lile la ujana wake wa mashindano. Turbo ni kile kidude kama konokono kinachoipulizia injini hewa kwa nguvu. Gari lilikuwa linaruka! Lakini maji ya mvua yaliingia kwenye kompyuta ya injini, ile mafundi wanayoiita kontrolboksi, ikafa. Gari la namna ile bila kompyuta ni banda la kuku, na sisemi kwa kutania: kuku wetu walitagia humo miaka saba.

Mwaka jana macho ya Mzee yakazimika kwa presha ya macho. Akawaita watu watatu, akawaambia, "Kompyuta ya kiwandani haipatikani tena. Tafuteni nyingine yoyote. Atakayelirudishia gari hili pumzi, likanipandisha kutoka Kyela hadi hapa nikiwa nimekaa mbele, jina lake nitaliandika chini ya boneti, na gereji ni yake. Mimi natoka."

Nikauliza, "Na mimi je, Baba?"

"Wewe una nyumba, na spana unazichukia tangu utotoni. Wewe utaendesha."

Kweli nazichukia. Tuendelee.

Wa kwanza ni Bupe, mwenye duka la spea ng'ambo ya barabara. Wa pili ni Gwamaka, fundi wa nyaya, miaka ishirini na Mzee, mtu ambaye nyekundu na kijani kwake ni rangi moja. Wa tatu ni Mhina, wa Tanga, aliyeoa kwetu akabaki, fundi wa kuifundisha kompyuta kwa laptopu.

Kazi ya kuchagua akaichukua Bupe. Miezi mitatu aliuliza, akapiga simu, akasoma. Kila mtu mjini alimwambia anunue ile kubwa yenye taa nyingi. Wengine wakamwambia anunue ile ndogo ya bei rahisi, inayobandikwa juu ya kompyuta ya zamani na kuidanganya.

"Kuidanganya vipi?" Bupe akasema. "Yetu imekufa. Maiti utamdanganyaje?"

"Basi chukua hiyo kubwa, dada," Gwamaka akamwambia.

"Hiyo kubwa ina mambo mia mbili. Tutatumia kumi, mia na tisini yatatutesa." Akatoa kiboksi cheusi, kibaya, kimechubuka pembeni. "Hii inapima hewa yenyewe. Kyela kuna joto na hewa nzito, kule juu Isyonje baridi na hewa nyepesi. Gari letu litapita kote. Halafu hii ina masikio."

Masikio ni haya: petroli ikiwaka kabla ya wakati wake, injini inagonga, ti-ti-ti, na turbo ikiwa inapuliza, kugonga huko kunatoboa pistoni kabla hujamaliza kusali. Kompyuta yenye masikio inasikia, inapunguza nguvu, injini inapona.

"Wengine wananunua sifa," Bupe akasema. "Mimi nimenunua masikio."

Gwamaka akacheka mbele za watu. "Fundi wa kupiga simu huyu! Hajawahi hata kushika bisibisi."

Lilimchoma lile neno. Aliweka kiboksi mezani, akatoka bila kuaga. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na kiboksi akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake, ikakaa humo.

Kazi ya kufunga akaichukua Gwamaka. Panya walikuwa wamekula nyaya zote, na kiboksi kilihitaji nyaya sitini na nne. Akazivuta upya, mmoja baada ya mwingine. Na kwa kuwa rangi hazijui, alichana kitenge cha mkewe vipande vyembamba, akafunga mafundo kwenye kila waya. Fundo moja, waya wa petroli. Mawili, waya wa plagi. Matatu, waya wa masikio. Mkewe alikuja gereji kutafuta kitenge chake akakikuta kwenye injini, mngesikia maneno yake! Gwamaka akamaliza, akazikusanya nyaya zote, akazifunga pamoja fungu moja safi kama ukindu wa mkeka. Tukaimba. Kazi ilipendeza.

Kazi ya kuifundisha kompyuta akaichukua Mhina. Kiboksi kipya hakijui kitu, kinaambiwa kila jambo: petroli kiasi gani, moto wa plagi upige lini, turbo ipulize hadi wapi. Wiki tatu alipanda na kushuka nami barabara ya Uyole, laptopu mapajani, akisema kwa Kitanga chake cha taratibu, "Kanyaga, dada. Achia. Kanyaga tena." Gari lilianza kwa kukohoa, likaja kupumua, likaja kuimba. Baba alisimama mlangoni akisikiliza, na machozi yakamtoka. Sikuwa nimemwona analia tangu tumzike Mama.

Ila kulikuwa na kero moja. Kila nikikanyaga sana, kompyuta ilidai imesikia kugonga, ikapunguza nguvu, wakati injini haigongi hata kidogo. Masikio yanasikia mashetani. Mhina akatafuta sababu siku mbili, hakuipata. Akaona haya kuuliza. Akayazima masikio ili amalize kazi, akajisemea moyoni: nitayawasha baadaye.

Tukateremka Kyela. Asubuhi ya kupanda, jua kali, gari limeoshwa, Mzee kaketi mbele na koti lake la harusi. Na wale watatu, kabla hata sijawasha gari, wakaanza.

Bupe akasema, "Mzee, gari hili ni langu. Mngenunua ile kubwa mngekuwa bado mnabishana. Asiyejua kuchagua, afunge nini?"

Gwamaka akasema, "Mzee, gari hili ni langu. Kiboksi dukani ni kiboksi tu. Nyaya sitini na nne, vidole vyangu hivi. Bila mimi angekifundisha nini huyu?"

Mhina akasema, "Mzee, gari hili ni langu. Mlinipa mtoto aliyezaliwa bubu, nikamfundisha kusema. Mtoto ni wa nani?"

Mzee akacheka. "Endesha, Sekela. Gari litasema lenyewe."

Tukaondoka. Jamani, lile gari! Migomba inapita, chai inapita, watu wanapunga mikono. Nikaona raha, nikakanyaga. Mlima ukaanza, joto la Kyela bado limejaa kwenye injini, turbo inapuliza. Tukiwa bado hatujafika Tukuyu, Baba akanipiga gotini.

"Ondoa mguu! Sekela, ondoa mguu!"

Nikaondoa. Mimi sikusikia kitu. Yeye kipofu ndiye aliyesikia: ti-ti-ti. Nikasimama kando, mvua ya Tukuyu ikatuanza palepale.

"Inagonga," Baba akasema. "Sekunde tano nyingine ingetoboka. Kompyuta hii si ina masikio? Mbona mimi ndiye niliyesikia?"

Mvua tu juu ya bati.

"Nauliza. Kosa la nani?"

Nikakumbuka lile lori la mbao. Nikajua sasa huyu atamtazama yule.

Mhina akafungua mlango, akasimama kwenye mvua ili Mzee amsikie upande wake. "Kosa langu, Mzee. Niliyazima masikio. Yalikuwa yananisumbua, nikaona haya kuuliza. Ningeliwaua kwa haya zangu."

"Yalikuwa yanakusumbuaje?" Gwamaka akauliza.

"Yanasikia kugonga kusikokuwepo."

Bupe akatoa mkoba wake. Akatoa ile karatasi. "Imeandikwa hapa," akasema. "Waya wa masikio usipite karibu na waya wa plagi, utasikia kelele za plagi. Niliisoma siku kiboksi kilipofika. Gwamaka aliniita fundi wa simu, nikasema basi, ajue mwenyewe. Kosa langu."

Gwamaka alikaa akiitazama ile karatasi, na mvua inayoingia mlangoni inailowesha. "Nilizifunga pamoja ili zipendeze," akasema. "Fundi wa miaka ishirini. Hata bila karatasi nilitakiwa kujua, au kuuliza. Nani amuulize mwanamke wa dukani? Kosa langu."

Basi wakafungua boneti palepale. Bupe akasoma karatasi kwa sauti. Gwamaka akaingiza mkono kwenye lile fungu lake zuri, bila kuona, akapapasa mafundo: moja, mawili, mawili, moja, matatu. Akauchomoa waya wa masikio, akaupitisha peke yake upande wa pili. Mhina akafunika laptopu kwa kitenge cha Bupe, akayawasha masikio, akauchelewesha moto wa plagi kidogo kwa ajili ya joto. Nikakanyaga. Kompyuta haikusikia mashetani tena. Tukapanda, Tukuyu ikapita, tukaingia ukungu wa Isyonje, hewa nyepesi, baridi, na gari halikukohoa hata mara moja. Mlima ulipotaka kuligongesha, lilijisikia lenyewe, likajipunguza. Baba aliimba wimbo wa kanisani hadi Uyole, na sauti yake mbaya, mnaikumbuka.

Tulipofika akaomba brashi. Akafungua boneti mwenyewe, kwa kupapasa.

"Haya. Niandike nani?"

Bupe akasema, "Andika Gwamaka. Bila mafundo yake tungekuwa bado kwenye mvua."

Gwamaka akasema, "Andika Mhina. Alisema kwanza, wakati angeweza kunyamaza."

Mhina akasema, "Andika Bupe. Masikio ni yeye aliyeyaona kabla yetu sote."

Baba akacheka hadi akakohoa. "Asubuhi kila mtu mimi, jioni kila mtu yeye! Nimeshamjua ni nani. Rangi hii imeganda, nitaandika kesho nikipata nyingine."

Kesho hiyo kifua kikambana. Wiki tatu hospitali, na kila nilipomuuliza alinibana mkono tu. Siku ya mwisho akanipa brashi. Akasema, "Jina moja, Sekela. Sifa na lawama." Nikamwambia, "Baba, nitajie basi." Akasema, "Wewe ulikuwemo garini." Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nilimkasirikia, na bado namkasirikia kidogo, Mungu anisamehe.

Sasa kesho tunaanua matanga, na wazee watauliza gereji ni ya nani. Brashi hii hapa kwenye kanga yangu. Rangi nimenunua leo asubuhi.

Usiseme niandike yote matatu, wewe uliyenyanyua mkono, nimekuona. Lori la mbao mmeshalisahau? Na usiniambie niandike la Mzee, eti ndiye aliyesikia. Maiti hajibu mlangoni. Wala msinitaje mimi; mimi niliambiwa ondoa mguu nikaondoa.

Bupe yuko jikoni anamenya ndizi zenu. Gwamaka anapasua kuni nyuma ya nyumba. Mhina ndiye aliyewatandikia hiyo mikeka. Tangu msiba uanze hakuna aliyeniuliza kitu, na hakuna anayeniangalia machoni.

Siku itafika, maana magari ni magari, mwanamke mwingine atasimama pale mlangoni na mtoto mgongoni, aulize nani alifanya kazi hii. Nitamfungulia boneti asome.

Je, nyie mlioketi hapa, asome jina la nani?