Tanuri Lisilopoa

Kilima kimoja huko Ufaransa kilinunuliwa na tajiri Vasseur, pamoja na tanuri la mawe ambamo wanakijiji walioka mikate tangu enzi za mababu. Akamwambia mtunza tanuri, Bibi Honorine, "Nalibomoa. Mawe haya yatapamba bustani yangu."

"Ni mali yako, bwana. Ila mawe yakibomolewa yakiwa bado moto hupasuka. Ngoja yapoe."

"Nitangoja."

Wiki ikapita. Tajiri akaligusa, akaungua kidole. Mwezi ukapita, akaungua tena.

"Bibi, tanuri hili hupoa lini?"

"Siku likikosa mwokaji," alijibu Honorine huku akikanda unga. "Tumepangiana zamu nyumba kwa nyumba, bwana, na kesho ni yako. Unga unao?"