Mlinzi wa Lango na Muuza Makaa

Palikuwa na Sultani mmoja aliyependa siri kuliko ushindi, ndiyo maana siri alikuwa nazo tele na ushindi hana hata mmoja. Jina lake Sultani Shehali. Vita vyake na watu wa ng'ambo ya mto vilipoingia mwezi wa tatu, akatoa amri: kila alfajiri atatunga neno la siri la lango la mji. Neno haliandikwi. Mlinzi atanong'onezewa mara moja tu. Asiyelijua haingii, awe awaye yote. Mlinzi atakayemfungulia, atakatwa kichwa. Atakayelitamka mbele ya asiyehusika, atakatwa kichwa. Atakayelisahau, huyo ndiye wa kwanza!

Na maneno yenyewe, jamani! Sultani hakutunga neno fupi kama watu. Alitunga marefu, yenye jina la babu, la baba wa babu, na la farasi wa babu. Mimi jina la mkwe wangu tu hunitoka, na ni fupi. Ningekuwa mlinzi msingenisikia leo.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Mshangama, mshona makubadhi, aliyeingizwa jeshini kwa sababu alichelewa kujificha. Mwenyewe alisema hivyo. Alfajiri jemadari alimnong'oneza neno, kisha akaenda zake vitani. Akili ya Mshangama wakati huo ilikuwa kwenye mihogo jikoni. Neno likaingia sikio hili, likatokea lile. Tangu hapo alikaa nyuma ya lango akijisuta: "Pumbavu wee! Kichwa hakishiki hata neno moja, na bado unakililia kisikatwe."

Adhuhuri, lango likagongwa. Mshangama akachungulia tunduni. Akaona muuza makaa, kaniki kiunoni, masizi uso mzima.

"Fungua!"

Lo! Sauti hiyo aliijua. Ilimtukana kila siku. Ni Sultani mwenyewe, aliyejigeuza muuza makaa akaenda kupeleleza maadui.

"Neno?" Mshangama akauliza.

"Neno gani? Ni mimi!"

"Hilo silo."

"Mimi ni Sultani wako, mpumbavu wewe!"

"Hilo nalo silo. Ila hapo mwishoni umenipatia."

Sultani akakuna kichwa. Lilianza na babu, au na farasi? "Nimelisahau. Niambie wewe."

Mshangama akajibu upesi: "Nikikuambia nitakatwa kichwa."

"Na nani?"

"Na wewe."

"Nimekusamehe!"

"Msamaha hutolewa na Sultani, na Sultani analijua neno."

Nyuma ya Sultani, vumbi la farasi wa maadui likaanza kupanda. Sauti ikamlegea. "Wanakuja! Fungua, baba, nakuomba."

"Wasioulizwa neno ni mateka peke yao," Mshangama akasema. "Jisalimishe."

"Kwako wewe?"

"Hata mimi naona haya. Maisha yangu yote nimekamata kuku mmoja, tena alikuwa anaatamia."

Vumbi likasogea. Sultani akageuka, akapitisha mikono tunduni. Mshangama akaifunga kwa ukanda wa ngozi, akafungua lango, akamvuta ndani, akalikomea. Askari wakaja mbio. Mshangama kateka mtu? Wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Nifungueni! Mimi ndiye Sultani Shehali!"

Wakazidi kucheka. Hapo Sultani akamtazama Mshangama, akaona jasho linavyomtiririka. Sultani huyu hakuwa mjinga wa kila kitu.

"Aha!" akapaza sauti. "Askari! Mlinzi wenu amelisahau neno! Mwambieni alitamke hapa hapa, sasa hivi. Akishindwa, sheria mnaijua."

Kicheko kikakatika. Sheria waliijua. Wakamgeukia Mshangama, na mmoja akachomoa upanga.

"Haya, Mshangama. Neno."

Mshangama akawatazama mmoja mmoja.

"Nilitamke?" akasema. "Mbele ya mateka?"