Mkoroga Tui na Hodi Tatu

"Huyu mwanamke amekuwa kiziwi, au ndiyo kiburi?"

Swali hilo aliliuliza jirani mmoja, Bi Tatu, akiwa amesimama kwenye baraza isiyo yake mchana wa Ijumaa. Nanyi vijana mnaoniuliza maana ya maneno mliyoyasikia jana harusini, yale ya "Mkoroga tui haitiki hodi," jueni kwamba yalizaliwa siku hiyo hiyo, nyumba hiyo hiyo. Mkayacheka, kwa sababu mtu kutoitika hodi kwetu ni aibu. Basi tulieni niwaeleze yalikoanzia.

Alikuwako mjane pale Malindi, jina lake Mwanamkuu binti Shee. Alikaa na baba mkwe wake, Mzee Lali, katika nyumba ya vyumba viwili na jiko dogo nyuma. Mumewe, Famau, kabla hajakata roho alimshika mkono akamwambia, "Baba yangu usimwache." Naye akaitika. Eda ikaisha, posa zikaja mbili, zote akazirudisha kwa heshima. Neno alilolitoa mbele ya mtu anayekwenda kwa Mola wake hakuona njia ya kulirudisha.

Mzee Lali ujanani alikuwa mpishi. Miaka thelathini alimpikia Mtaliano mmoja aliyekuwa na nyumba upande wa pwani. Lakini tangu amzike mwanawe, chakula kilimtoka moyoni. Akipewa wali, matonge mawili. Akipewa samaki wa kupaka, anageuza uso ukutani. Uji alikunywa, nao nusu kikombe. Kila Mwanamkuu alipomwogesha, aliona mbavu zimezidi kutokeza kuliko juzi.

Jumanne moja akaja binti wa mzee, Maimuna, aliyeolewa Mombasa. Alipomwona babake alilia, na kilio kile hakikuwa cha uongo. Alipomaliza kulia akamfuata wifi yake jikoni.

"Wifi, mimi sikulaumu. Lakini hapa baba atakufa njaa na wewe umeshika tasbihi."

"Namlisha, wifi. Hali."

"Mwenye kulisha huonekana kwa aliyelishwa. Nakuja Ijumaa na gari. Nikimkuta anakula sahani nzima, kwa macho yangu haya, nitamwacha na sitasema tena. Nikimkuta hivi, namchukua."

Nyumba ilikuwa ndogo, na maneno yote yalimfikia mzee kitandani. Maimuna alipoondoka, alimwita mkwewe.

"Mwanangu, nikitolewa hapa simalizi mwezi. Mamake Famau kazikwa hapa. Famau yuko hapa. Huko Mombasa nitamjua nani?"

"Basi kula, baba."

"Kinywa hakitaki."

"Kinataka nini? Sema tu."

Mzee aliivuta shuka mpaka kidevuni. Kisha akasema, kama mtoto anayeona haya, "Zile tambi pana. Tulikuwa tukimpikia Mtaliano. Na kamba, na ngisi, na ule mchuzi mweupe mzito unaoshika kijiko."

Mwanamkuu hakuwahi kupika chakula hicho, wala kukionja. Alikijua kwa masimulizi tu. Mchuzi ule kwa Mtaliano ulifanywa kwa krimu, na krimu ilitoka Ulaya ndani ya makopo. Alipomuuliza mzee wataipata wapi, mzee alikaribia kutabasamu.

"Krimu yake yeye. Sisi tuna nazi."

Akamfundisha palepale, amelala, kidole kikichora hewani. Tambi zichemke kwa maji ya chumvi, zitolewe zingali na ukaidi kidogo katikati. Kitunguu saumu kikaangwe kwa siagi, kisiungue. Kamba wakigeuka rangi tu watolewe, ngisi vilevile, la sivyo watakuwa mpira. Kisha tui la pili, na mwisho kabisa kasimile, lile tui zito la kwanza.

"Hapo ndipo penye kazi," alisema mzee. "Kasimile likishaingia motoni, korogea upande mmoja, chota kwa upawa umimine, chota umimine, mpaka lichemke na kushika, ndipo uipue na kukamulia ndimu. Usiache hata kufumba jicho. Ukiliacha linakatika. Ukiliipua kabla ya wakati, linakatika. Na likikatika halina dawa."

Alhamisi alijaribu. Kila kitu kilikwenda vizuri, mpaka kasimile lilipokuwa linaanza kufuka. Mlangoni ikasikika, "Hodi!"

Alikuwa Bi Tatu, amekuja kuomba kifumbu cha kuchujia nazi. Nanyi mnajua desturi yetu. Ukishasema "karibu" umejifunga: mgeni hupokewa mlangoni kwa mikono miwili, huulizwa hali yake na ya watoto, huwekewa mkeka. Kumwambia mtu "karibu" kisha ukampa mgongo ni tusi kuliko kunyamaza. Mwanamkuu aliitika, akaweka upawa, akaenda. Hakukaa sana. Salamu tu, na kifumbu. Aliporudi, mafuta yalikuwa yameelea juu na maji ya kijivu chini, na katikati mabonge kama maziwa yaliyoganda.

Alimpelekea mzee hivyo hivyo. Mzee aliitazama sahani, akaisukuma polepole kwa kidole kimoja.

"Limekatika, mwanangu."

"Kulikuwa na mgeni, baba."

"Najua. Nimesikia." Akageukia ukuta.

Mwanamkuu hakulia. Aliosha sufuria, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, akaswali, na kabla ya kulala alikuwa amekwisha kuamua.

Ijumaa baada ya alfajiri alikwenda sokoni, akachagua kamba na ngisi mmoja mmoja. Alirudi akakuna nazi tatu. Hakupika mapema, kwa maana tambi hizo hazingojei mtu. Zikipoa hushikana kama nywele zisizochanwa. Alihesabu kwamba Maimuna angefika karibu na alasiri. Basi aliposwali adhuhuri akawasha moto, akautoa ukuni mmoja ili usiwe mkali. Tambi zikaiva zingali na ukaidi. Kamba na ngisi wakageuka rangi, akawatoa. Tui la pili likaingia. Akasema "Bismillahi," akamimina kasimile, akashika upawa.

Gari likasimama nje.

"Hodi humu!"

Ilikuwa sauti ya Maimuna, saa nzima kabla ya wakati. Mwanamkuu alihisi "karibu" imefika kwenye ulimi. Aliufunga mdomo. Chota, mimina. Chota, mimina.

Maimuna alikuwa mtu wa kushika adabu. Ingawa nyumba ni ya babake, aliyetoka safari hakupita mlango bila kukaribishwa, na hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, mgeni hurudi alikotoka. Mwanamkuu aliyajua hayo. Alijua pia kwamba Maimuna akirudi kwa hasira, atarejea na wazee wa ukoo, na neno la mjane mmoja halitakuwa na uzito mbele yao.

"Hodi!" Ya pili.

Nje Bi Tatu alikuwa amekwisha kufika, maana gari halisimami mtaani asijue limeleta nani. Ndipo akauliza lile swali lake, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Huyu mwanamke amekuwa kiziwi, au ndiyo kiburi?"

"Sijui, shoga. Moshi nauona."

"Jana aliniitika vizuri tu. Labda leo kakuona wewe dirishani."

"Anione, asinione, baba yangu ninaondoka naye."

"Wajane wengine bwana! Nyumba wanaifanya yao."

Maneno yale yalimchoma Mwanamkuu, na mkono ukataka kusita. Hakuugeuza uso. Tui lilikuwa limeanza kufuka pembeni, vipovu vidogo vidogo, mahali pale pale lilipomshinda jana. Jasho lilimtiririka likaingia jichoni. Akalifumba lile moja, akaendelea na lingine. Moyoni alisema, Ya Rabi, mgeni ni wako na mgonjwa ni wako, nami mkono wangu ni mmoja.

"Hodi kwa mara ya tatu!"

Ni upawa tu uliosikika, ukigusa sufuria. Maimuna akajitanda buibui vizuri, akageuka kuliendea gari.

Ndipo sauti ikatoka chumbani, sauti ambayo mtaa haukuwa umeisikia tangu siku ya maziko.

"Karibu! Pita, Maimuna! Mwache mwenzio. Mkoroga tui haitiki hodi!"

Maimuna alisukuma pazia. Babake alikuwa ameketi kitandani peke yake, bila mtu wa kumwinua, pua imeelekea jikoni.

"Baba! Nimesimama nje kama mwombaji, na wifi yuko ndani ananisikia!"

"Amekusikia. Hata mimi nimesikia upawa wake. Hodi ya kwanza haukusita. Ya pili haukusita. Mlipomtukana ulisita kidogo, nikasema limekwisha. Haukusimama."

"Adabu ni adabu, baba. Hata salamu?"

"Salamu atakupa, tena nzuri. Karibu ya mgeni hungoja, ikaombewa radhi. Tui halingoji."

Jikoni tui lilikuwa limechemka, zito, jeupe, linashika upawa. Mwanamkuu alirudisha kamba na ngisi, akazigeuza tambi ndani yake, akaipua, akakamulia ndimu mwisho kama alivyoagizwa. Kisha alinawa mikono, akatoka na sahani, akaiweka mbele ya mzee. Alimshika Maimuna mikono yote miwili.

"Karibu, wifi. Nisamehe. Habari za safari? Watoto hawajambo?"

Maimuna hakuiondoa mikono yake. Alikuwa anatazama sahani iliyowekwa mbele ya babake.

Mzee Lali alizungusha uma kwenye tambi, taratibu, kama alivyomwona Mtaliano akifanya miaka mingi. Akatia kinywani. Akatafuna, amefumba macho. Hakusifu. Akazungusha tena, akamchoma kamba, akala. Bi Tatu, aliyekuwa ameingia nyuma bila kukaribishwa na mtu, alinyosha shingo aone. Mzee alikula mpaka michoro ya maua iliyo ndani ya sahani ikaonekana, akaufuta mchuzi uliobaki kwa kidole, akakilamba.

"Ipo nyingine?" akauliza.

"Ipo, baba," alisema Mwanamkuu, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Akaenda kupakua.

Maimuna alikuwa bado amesimama, mkononi ameshika mkoba mtupu aliouleta kwa ajili ya nguo za babake. Mzee alimtazama kwa upole, kwa kuwa alikuwa mwanawe na alijua amekuja kwa mapenzi.

"Uliahidi, mama," akamwambia. "Na lile neno langu nililokuitia hapo mlangoni lishike ukawafundishe wajukuu zangu. Mtu akiwa na kazi isiyokubali kuachwa, usimpime kwa mlango. Mpime kwa sufuria. Mkoroga tui haitiki hodi."

Maimuna aliinama, akaubusu mkono wa babake uliokuwa ungali unanukia ndimu. Kisha akaukunja ule mkoba, akautia kwapani, akasogeza pazia, akatoka kuliendea gari peke yake, kama alivyoahidi.