Nani Akae Mbele na Tumpe?

Hapo zamani, na si zamani ile ya fisi na sungura bali zamani hii ya juzi, magari yakiwa yameshaizoea milima yetu ya Rungwe, alikuwapo mama mmoja aitwaye Subilaga. Alikuwa haogopi kitu. Nyoka aliyeingia jikoni alimmaliza kwa mwiko. Mbwa mwenye kichaa alimfungia chooni akaenda zake shambani. Lakini siku binti yake wa pekee, Tumpe, alipotimiza miaka kumi na minane na kusema, "Mama, nataka kujifunza kuendesha gari," Subilaga aliuangusha mwiko wake.

"Gari lipi?"

"Letu."

"Letu hili?"

Lao lilikuwa pikapu kuukuu, ambalo Subilaga mwenyewe aliliendesha kila Jumamosi kupeleka ndizi sokoni. Tumpe akaandikishwa chuo cha udereva mjini, akapata leseni ya kujifunzia. Ila chuoni alishika usukani nusu saa tu kwa siku. Mazoezi mengine ilibidi ayafanye nyumbani, mtu mzima amekaa pembeni yake.

Wa kwanza kukaa alikuwa baba yake, Gwamaka, mtu wa maneno machache na spana nyingi. "Hutashika usukani kabla hujashika spana," alisema. Akamfundisha kufungua boneti, kubadili tairi, kusikiliza injini kama mtu anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Siku ya kwanza ya usukani, Tumpe aliangusha migomba mitatu. Gwamaka akashuka, akaitazama migomba, akasema, "Mimi nimemaliza." Akarudi kwenye spana zake.

Wa pili alikuwa mjomba wake, Anyimike, aliyeendesha malori miaka thelathini. Aliaga kwamba wanakwenda uwanja wa mpira, penye tambarare. Mwongo! Alimpeleka kwenye mteremko wa mtoni, mahali ambapo hata mbuzi hushuka akifikiri. "Mpwa wangu," alimwambia, "mlima ulioupanda kwa gia ya pili, ushuke kwa gia ya pili. Breki inasaidia tu. Injini ndiyo inayokushika." Walishuka wakapanda, wakashuka wakapanda, wiki nzima, na wazazi hawakujua.

Wa tatu alikuwa Subilaga. Yeye alikaa miezi mitatu, kila asubuhi, mguu wake ukikanyaga breki ambayo upande wake haikuwepo.

"Tumpe, mbuzi! Tumpe, breki! Tumpe, mtu yule!"

"Mama, yule mtu yuko ng'ambo ya bonde."

"Anaweza kuvuka!"

Asubuhi moja Tumpe alizima gari katikati ya njia, akashuka, akaanza kutembea kurudi nyumbani huku akilia. Mama yake akamkimbilia.

"Mama, barabara siiogopi," Tumpe alisema. "Naogopa sauti yako."

Neno lile lilimchoma Subilaga kuliko mwiba. Kesho yake alipanda garini, akaiuma ncha ya kanga yake kwa meno, akanyamaza. Akakaa hivyo kesho kutwa, na mtondo. Wanawake wenzake wakadhani jino linamuuma.

Ikafika Jumamosi ya soko, na Tumpe akaruhusiwa kuendesha mpaka mjini. Walipotaka kuondoka, wakamkuta Gwamaka amelala chini ya gari. Hendibreki ilikuwa imekufa tangu Tumpe akiwa darasa la tatu, naye alikuwa anaifunga waya mpya.

"Tutachelewa, baba!"

"Hamtoki mpaka ishike."

Akafunga, akajaribu, ikashika. Alipokuwa anatoka chini aliona unyevu kwenye gurudumu la nyuma. Akaufuta kwa kidole gumba. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. "Maji haya," akasema. "Nendeni."

Hayakuwa maji.

Wakaenda, mikungu ishirini nyuma, Tumpe anaimba, Subilaga ameuma kanga. Katikati ya mteremko mkubwa Tumpe akakanyaga breki. Mguu ukazama mpaka chini. Akakanyaga tena. Ukazama tena.

"Mama, breki hazipo."

Kanga ikamtoka mama mdomoni. Gari linakwenda! Na kule mbele, karibu na kona, watoto wa shule wanapanda na madumu ya maji, wameijaza barabara yote, wanacheka, hawana habari. Mkono wa Subilaga ukaruka kuelekea usukani. Ukasimama hewani. Akaurudisha mwenyewe mapajani. Kisha akatoa kichwa na mabega dirishani, akaiachia sauti yake yote ya miezi mitatu:

"Tokeni! Tokeni barabarani! Gari halina breki! Tokeni!"

Madumu yakaruka, watoto wakarukia majanini, huyu kulia, yule kushoto. Ndani ya gari mama hakusema hata neno moja. Tumpe akatoka gia ya tatu akaingia ya pili, injini ikanguruma kama simba. Akaingia ya kwanza, mikungu ikagonga nyuma ya kabini. Akavuta hendibreki kidogo, akaachia, akavuta tena, akalisogeza pikapu taratibu kwenye ukingo wa udongo. Likakwaruza, likatetemeka, likasimama pua imo kwenye majani marefu ya mabingobingo.

Watoto wakashangilia kama timu imefunga goli.

"Mama," Tumpe alisema, "leo hukunipigia kelele."

"Nimepiga, mwanangu. Ila nimezipeleka nje."

Wakacheka mpaka wakalia.

Breki zilizokuwa zikivuja mafuta zikatengenezwa, siri ya mteremko wa mtoni na ya maji yale ikajulikana nyumbani, mtihani ukafanywa, leseni ikatoka. Mtaa mzima ukapiga vigelegele. Tumpe akatangaza kwamba safari yake ya kwanza ya udereva kamili ni kwenda Matema kuliona ziwa, familia yote. Lakini kabini ya pikapu lile, ukimtoa dereva, ina kiti kimoja tu. Wengine wapande nyuma.

Anyimike akashika mlango. "Nakaa mimi. Injini ndiyo iliyowashika, na nani alimfundisha?"

"Wewe uliyetudanganya ukampeleka mtoto korongoni?" Gwamaka akauliza, naye akaushika mlango. "Bila hendibreki yangu mngekuwa mtoni. Nakaa mimi."

"Shemeji, na yale maji uliyoyafuta kwa kidole?"

Gwamaka akainamisha kichwa, lakini mlango hakuuachia.

Subilaga akasema, "Watoto wa watu wako hai kwa sauti yangu. Na mkono huu niliurudisha mwenyewe."

"Sauti hiyohiyo nusura imfanye aache udereva, Mama Tumpe," mumewe akamjibu.

Subilaga naye akaushika mlango. Miezi mitatu alikuwa amekaa kwenye kiti kile akiitazama barabara. Leo alitaka akae pale amtazame binti yake.

Tumpe akawasha injini. "Mimi naendesha tu, wazee wangu. Amueni."

Mlango uko wazi, mikono mitatu imeushika. Haya, ninyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Mmoja alimpa gia, mmoja alimpa hendibreki, mmoja alimwachia usukani, na hakuna kati yao asiye na kosa. Je, nani alistahili kukaa mbele na Tumpe?