Beberu wa Kibaoni

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Julai, saa kumi na nusu alasiri, jeneza lilipita kando ya uwanja wa mpira wa Kibaoni, na beberu aliyefungwa pembeni akakosa mwenyewe.

Sikilizeni polepole, maana nami nasema polepole.

Watu wa Kwemsala walikuwa wametoka kwao asubuhi, juu ya tela la trekta la shamba la mkonge, kwenda kuangalia fainali ya ndondo kati ya timu yao na ya Kibaoni. Ndondo ni mpira wa mchangani, haumo katika ligi yoyote. Anayeshinda hupewa beberu, na beberu huliwa siku hiyohiyo.

Ndani ya tela alikuwamo Mzee Twaha. Wiki ile ilikuwa imesomwa arobaini ya mkewe, Mwanjaa, naye hakutaka kwenda popote. Majirani wakamwambia kwamba kipa wa Kwemsala ni mwanawe wa kumzaa, na kwamba kujifungia ndani hakumrudishi marehemu. Akavaa kofia yake, akapanda. Njiani walimtania, wakasema akizimia mpira ukiingia golini watamrudisha nyumbani amefungwa kamba moja na beberu. Mzee akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba.

Huyo mwanawe, Sufiani, hakuyawahi maziko ya mama yake. Alikuwa mbali kwenye kazi ya ujenzi, basi likaharibika njiani, akafika kaburi limekwisha kufukiwa. Tangu siku ile baba na mwana walikula pamoja, wakaswali pamoja, na jambo hilo hawakulizungumza.

Sasa, pale Kibaoni njia ya kwenda makaburini inapita kando ya uwanja, nyuma ya goli moja. Na watu wa pale wana ada. Jeneza likipita, mwamuzi hupuliza filimbi, wachezaji husimama, na vijana hutoka kulipokea bega. Likishapita, mpira huendelea. Ada hiyo haikuandikwa popote, na hajawahi kutokea wa kuivunja.

Siku ile alikuwa amefariki mke wa Mzee Kaoneka. Lakini mji mzima ulikuwa uwanjani. Mzee Kaoneka aliambiwa angoje mpira uishe, watu watakuja. Akajibu kwamba maiti hangojeshwi kwa ajili ya mpira. Akaswali alasiri, akamswalia mkewe, akawachukua wazee watatu waliokuwa msikitini, yeye akawa wa nne, wakabeba.

Walipofika nyuma ya goli la Kwemsala, mmoja wao alijikwaa na jeneza likalala upande. Sufiani akageuka, akaona. Mpira ulikuwa mbali, katikati ya uwanja, na filimbi haijalia. Akaacha goli lake, akakimbia, akaweka bega.

Wakati huohuo mshambuliaji wa Kibaoni, kijana aitwaye Mntambo, alipokea mpira akiwa ameligeuzia goli mgongo. Akageuka, akaona nguzo mbili na hakuna mtu kati yake. Akapiga. Mpira ukaingia. Kibaoni yote ikaruka kwa shangwe, kisha shangwe ikakatika kidogo kidogo, kadiri kila mmoja alivyotambua kinachopita nyuma ya goli.

Watu wa Kwemsala wakasema goli ni haramu. Watu wa Kibaoni wakasema filimbi haikulia, goli ni goli, na kama kipa anapenda kubeba maiti akaombe kazi msikitini. Mmoja akauliza kwa nini Mzee Kaoneka hakupita njia ya nyuma, ya kilimani. Mwenzake akamwambia anyamaze, wazee wanne hawawezi kile kilima.

Mntambo akautoa mpira wavuni, akaukumbatia, akakataa kuupeleka katikati.

"Mwalimu, mimi sikuona," alimwambia mwamuzi. "Ningeona nisingepiga. Goli hili silitaki."

Nahodha wake akamwambia kwamba wakikutana njiani asimsalimie.

Mwamuzi alikuwa Mwalimu Shemdoe, mwenyeji wa palepale, aliyewafundisha kusoma nusu ya waliokuwa wakimzomea. Akasema mchezaji hana uwezo wa kukataa goli, mwenye uwezo huo ni mwamuzi peke yake.

"Nami nalifuta," akasema. "Jeneza nililiona mapema, na filimbi ilikuwa mdomoni. Nikasema moyoni, ngoja shambulizi hili liishe. Kosa ni langu, msimtafute mwingine."

Kijana mmoja wa Kibaoni akamwambia, "Basi leo Mwalimu utalala Kwemsala." Mwalimu akavua filimbi shingoni, akaitia mfukoni, akaenda kulifuata jeneza. Mntambo akamfuata. Mwishowe hata waliotukana wakafuata, na mke wa Mzee Kaoneka akafika kaburini mikononi mwa miji miwili.

Waliporudi jua lilikuwa linazama. Mpira haukuchezeka tena. Goli hakuna, mshindi hakuna, na beberu yupo pale anatafuna kamba yake. Wenye mashindano wakasema mfiwa ndiye aamue beberu apewe nani.

"Mpeni aliyemsitiri mke wangu kuliko wote," alisema Mzee Kaoneka. "Lakini mimi nilikuwa nikitazama miguu yangu, sikuona kitu." Akamgeukia Twaha. "Mzee mwenzangu, wewe ni mgeni, na nasikia nawe una msiba. Sema wewe, nami nitaridhika."

Hakujua kwamba kipa ni mwana wa huyo anayemuuliza.

Watu wa Kwemsala wakasema ni Sufiani, kwani aliacha goli lake kabla ya kuambiwa na mtu. Mmoja akamuuliza Sufiani mwenyewe nini kilimtoa golini. Kijana akatazama chini.

"Jeneza la mama sikuliwahi," alisema.

Mtu wa Kibaoni akadakia kwamba basi alimbeba mama yake, si mke wa Kaoneka. Wa haki ni Mntambo, aliyekuwa na goli mkononi akalitupa mbele ya watu wake. Wengine wakasema bila Mwalimu kujitwisha lawama goli lingesimama, na Mntambo angebaki na maneno yake. Wakajibiwa kwamba bila Mwalimu kuchelewa, goli lenyewe lisingekuwapo.

Twaha alimtazama mwanawe, na mwanawe hakuinua uso. Akimtaja, watasema amejitilia nyama chunguni mwake. Asipomtaja, kijana atajua kwamba baba yake bado anamhesabia lile kaburi. Dereva wa trekta akapiga honi. Twaha akafungua viganja, akawaombea wanawake wawili, mmoja kwa jina la Mwanjaa na mwingine ambaye jina lake hakulijua. Sufiani akaitikia amina. Kisha mzee akapanda tela, hakumtaja yeyote.

Beberu yumo katika uwanja wa Kibaoni, anakula majani, anawangoja ninyi. Mmoja aliliacha goli lake, mmoja alilikataa goli lake, mmoja alilifuta goli la mji wake. Je, ninyi mliosikia, nani kati yao alistahili kupewa?

Msijibu kabla hatujawaombea waliotangulia. Mola awarehemu, awapanulie makaburi yao, na kila maiti anayepita ampe bega la kumbeba. Amina.